Kikundi kina sanduku la fedha, kopo la mbegu liko wapi?

Ndugu mkulima, na wewe mwenye genge au duka la pembejeo hapo kijijini, leo sina somo la dawa wala la mbolea. Leo nimekuja na lawama, na sehemu ya lawama hiyo inaniangukia mimi mwenyewe.

Nenda kwenye kikao chochote cha kikundi hapa kwetu kaskazini. Utakuta sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wamekabidhiwa watu watatu wasio na undugu. Utakuta katiba, daftari la hisa, faini ya kuchelewa, faini ya simu kulia kikaoni, na mfuko wa jamii wa kumshika mkono aliyefiwa. Vizuri kabisa, sina neno. Sasa uliza swali moja tu: mbegu ya mnafu ya kikundi iko kwa nani? Watu watatazamana. Mmoja atasema ya kwake iliisha mwaka juzi. Mwingine atasema tunasubiri mradi. Wa tatu, na hawa ndio wengi, atasema atanunua pakiti siku ya gulio.

Na kikundi hicho kimeandikishwa kama kikundi cha bustani. Kina muhuri wenye picha ya jani. Hakina hata kijiko kimoja cha mbegu.

Msimamo wangu ni huu: kikundi cha bustani ambacho wanachama wake hawagawani mbegu na vipando kila msimu ni upatu ulioshika jembe. Upatu si kitu kibaya, lakini tuuite upatu. Tusije kwa mtendaji wa kijiji kuomba eneo la bustani wakati tunachopanda ni hisa.

Najua utaniambia pakiti ni shilingi elfu moja au elfu mbili tu, kelele ya nini? Kelele ni kwa sababu ya msimu. Mvua za vuli haziji na barua. Zinaweza kunyesha wiki ya kwanza ya Oktoba, zinaweza kunyesha Novemba, na mwaka mwingine zinanyesha siku kumi kisha zinakata. Mwenye mbegu ndani ya nyumba anasia siku ile ile ardhi inapolowa. Asiye nayo anasubiri gulio, akifika gulioni anakuta chinese na kabichi, kwa sababu hizo ndizo zinazotoka dukani. Mnafu hakuna. Mgagani hakuna. Anarudi na chinese. Wiki tatu baadaye jua linapiga, chinese imenyauka na vidukari wameijaa, wakati mgagani wa bibi wa jirani umesimama kama haujasikia kwamba mvua imekata. Hapo ndipo utamkuta mama mwenye shamba la ekari moja ananunua mboga kwa fungu, jioni, kwa bei ya mtu wa mjini. Kwake si suala la elfu mbili tena. Ni suala la watoto kula ugali na nini kuanzia Januari mpaka masika yaingie.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kwa miaka mingi mimi na wenzangu wa ugani tulipita vijijini tukisema mbegu ya nyumbani imechoka. Tulisema acheni mbegu za mazoea, nunueni mbegu bora. Kwa mahindi chotara tulikuwa na hoja. Kwa mboga za majani tulisema tu kwa sababu tulishazoea kusema. Siku moja mama mmoja aliniuliza mbele za watu: kama mbegu yangu imechoka, nani kaichosha? Nilicheka, nikapita. Niliporudi kwenye bustani yake msimu uliofuata ndipo nilipoona jibu, na jibu halikuwa kwenye mbegu. Lilikuwa kwenye mkono.

Angalia unavyovuna mchicha wako. Mashina yenye majani mapana unayachuma kwanza, unayala au unayauza. Yanayobaki ni yapi? Ni yale membamba yaliyowahi kutoa maua. Hayo unasema haya si mboga tena, yaache yawe mbegu. Kwa hiyo kila msimu unakula mzazi mzuri na unazalisha mzazi mbaya. Ukifanya hivyo miaka mitano utakuwa umejitengenezea mchicha unaokimbilia kutoa maua ukiwa na urefu wa goti. Kisha anakuja bwana shamba, anautazama, anasema mbegu imechoka. Haikuchoka. Uliichagua iwe hivyo, na mimi sikukuambia.

Mfugaji hafanyi hivyo. Hakuna mtu anayechinja dume zuri kila mwaka akabakiza kilema kwa ajili ya kupanda majike. Ila kwenye mchicha sote tunafanya, hata waliosoma.

Dawa yake haigharimu senti. Mvua zinapoanza na bustani ikiwa bado changa, chagua mashina kumi au zaidi, yale yenye majani mapana, yasiyo na madoa, yanayochelewa kutoa maua. Yafunge kitambaa au kamba ya rangi. Hayo hayachumwi. Waambie watoto, mwambie mgeni, mwambie na mume wako ambaye hutumwa mboga siku moja kwa mwaka na siku hiyo ndiyo huvuna shina la mbegu. Usichukue mbegu ya shina moja tu hata kama ni zuri namna gani. Ukoo wa mzazi mmoja ni mwembamba, ugonjwa ukija unaondoka na wote. Na yale yanayowahi kutoa maua yang'oe mapema yasichavushe mengine, pamoja na mchicha pori wa miiba ulioota kando ya choo.

Mbegu ikikomaa, kata vichwa asubuhi, anika kivulini juu ya turubai au kanga, pukuchua kwa mikono, pepeta. Usianike juu ya bati. Bati la saa saba mchana linachoma kiini cha mbegu, nayo kwa macho inabaki nzuri tu. Mnafu unataka kazi kidogo zaidi: subiri matunda yaive kabisa, yaminye kwenye bakuli, acha na maji siku moja mpaka utelezi uachie, osha kwenye chujio, zinazozama ndizo mbegu zenye uzima. Nyanya na nyanya chungu ni karibu hivyo hivyo. Kunde unazijua, tatizo lake ni bungua, kwa hiyo changanya na majivu makavu yaliyochekechwa na ufunge vizuri.

Kuhifadhi ndiko wengi wanakofeli. Adui wa mbegu ni unyevu na joto vikiwa pamoja. Mfuko wa plastiki wenye mbegu ambayo haijakauka ni jeneza. Tumia chupa kavu yenye kizibo. Weka ndani mchele uliokaangwa mpaka ukawa wa kahawia, ukapozwa, ukafungwa kwenye kitambaa. Utafyonza unyevu uliobaki. Andika jina na mwezi. Chupa ikae chumbani chini ya kitanda, isikae jikoni karibu na moto na wala isikae dirishani. Mchicha uliokaushwa hivyo unakaa misimu kadhaa. Kitunguu hakikai, mbegu ya kitunguu ya mwaka juzi usimpe hata adui yako, mtagombana bure.

Sasa rudi kwenye kikundi, maana haya yote mtu mmoja hawezi. Ukitaka kutunza mbegu ya mchicha, mnafu, mgagani, loshuu, nyanya chungu, bamia, kunde na maboga kwenye bustani ya hatua ishirini nyuma ya nyumba, utashindwa. Nafasi haitoshi, na mimea ya jamii moja itachavushana. Panda aina mbili za maboga karibu, nyuki watakuoza watoto usiowajua: msimu ujao utapata boga ambalo si la mama wala la baba, na mara nyingi halina utamu. Hapo ndipo kikundi kina maana kuliko mtu mmoja. Watu ishirini wana bustani ishirini. Kila mmoja akiwa mlezi wa mbegu moja, mna zao kumi, kila zao na walezi wawili, ili mmoja akiuguliwa au mbuzi wakiingia, wa pili yupo. Huyu analea mnafu wa majani mapana, yule analea kunde za majani, mzee wa kule bondeni analea maboga ya aina moja tu kwa sababu hana jirani wa karibu. Mlezi halimi zao hilo peke yake. Anaendelea kupanda mboga zake zote kwa ajili ya kula. Ila kwenye zao lake anaacha mashina ya mbegu, na kikundi kinamtegemea.

Na kanuni ya deni ichukueni huko huko kwenye sanduku lenu, mnaijua kuliko mimi. Anayechukua kijiko kimoja cha mbegu anarudisha viwili baada ya mavuno. Inaandikwa kwenye daftari kama mkopo wa fedha. Kama mnaweza kumtoza mtu faini kwa simu kulia, mnashindwaje kumuuliza mwanachama kunde zenu ziko wapi? Gramu moja tu ya mchicha ina mbegu zaidi ya elfu moja. Hakuna mkopo mwingine duniani ambao mkopaji anaweza kulipa mara mia na bado akabaki na faida. Asiyelipa huyo hakushindwa, amepuuza.

Siku za kugawana ziwe mbili kwa mwaka na zitajwe kwenye katiba. Ya kwanza iwe mwishoni mwa Agosti au Septemba, kabla ya vuli. Ya pili Februari, kabla ya masika. Wiki moja kabla, kila mlezi apime mbegu yake: ahesabu mbegu mia moja, azikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, aweke ndani, kwa siku saba azihesabu zilizoota. Zikiota themanini, gawa kwa furaha. Zikiota hamsini, gawa ila sema ukweli, watu wasie nzito. Zikiota ishirini, wape kuku na mkachukue kwa mlezi wa pili. Nimeona watu wakigawana mbegu mfu huku wakipiga vigelegele na kupiga picha.

Hapa lazima nigeuke niwageukie wale wanaonipigia makofi mpaka sasa. Kuna watu wanapenda sana kugawa. Akikutembelea haondoki bila rando, haji bila pingili. Ukarimu wake ni wa kweli, na ndiye anayesambaza magonjwa kijiji kizima.

Mbegu na vipando si kitu kimoja. Magonjwa mengi ya mboga hayapiti kwenye mbegu iliyovunwa kwenye shina zima na kukaushwa vizuri, ingawa yapo yanayopita. Kipando ni kipande cha mmama mwenyewe, na ugonjwa wote aliokuwa nao umo ndani. Pingili ya muhogo yenye batobato inazaa muhogo wenye batobato. Michirizi kahawia ni mbaya zaidi kwa sababu shina linaweza kuonekana safi na majani yakawa na dalili ndogo tu ambayo hukuiangalia, halafu siku ya kuchimba unakuta muhogo umeoza kwa ndani kama mbao iliyoliwa. Kwa hiyo kisamvu cha uani usikikatie jirani pingili kabla hujachimba angalau mashina mawili ukaona mizizi. Marando ya viazi nayo, kata urefu wa kama sentimita thelathini kutoka kwenye ncha, usikate sehemu ya zamani iliyo karibu na shina kwa sababu fukusi hutaga huko. Kama majani yamejikunja, yamedumaa au yana rangi mbili mbili, hata kama ndiyo matembele matamu kuliko yote, usigawe. Ng'oa, choma.

Migomba ndiyo kabisa. Waulize watu wa Kagera mnyauko wa bakteria uliwafanya nini. Chipukizi linaweza kuonekana zima na kumbe limebeba, na panga lililokata mgomba mgonjwa linapeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima kwa mkato mmoja. Kwenye eneo lenye ugonjwa chipukizi halitoki shambani, hata la kumpa shemeji. Na panga linapitishwa kwenye moto au linaoshwa kwa jiki kila unapohama shina. Mtu atakuona unaringa. Mwache akuone.

Na wewe mfanyabiashara unayezunguka na matenga ya nyanya, kantangaze hakuja na upepo peke yake. Tangu 2014 alipoonekana hapa kwetu Arusha amesafiri kwenye miche na kwenye matenga yanayotoka shamba hadi soko na kurudi shambani bila kuoshwa. Mche wa nyanya unaotoka kijiji kingine ukague chini ya jani kabla haujavuka geti la kikundi. Wenye vitalu vya biashara mtanisamehe, lakini mche wenye njia nyeupe ndani ya jani si mche, ni mzigo wa wadudu.

Sasa wenye maduka ya pembejeo. Baadhi yenu mmeshaniambia ana kwa ana kwamba nikihimiza watu watunze mbegu nawaua kibiashara. Nimewasikia na ninakataa. Mbegu chotara hakuna mkulima anayeweza kuitunza ikarudi vile vile. Akipanda mbegu ya tunda la chotara atapata mchanganyiko, wengine warefu, wengine wafupi, na mavuno yanayumba. Hiyo ni biashara yenu na itabaki yenu. Kabichi kwa hali ya hewa ya sehemu nyingi haitoi mbegu kirahisi, ni yenu. Kitunguu nimeshasema, cha kila mwaka, ni chenu. Nyavu za kitalu, trei za miche, mabomba ya kunyunyizia, mbolea, vyote vinahitajika zaidi kwa mtu ambaye bustani yake imeota kuliko kwa mtu ambaye bustani yake haikuota. Mnachopoteza ni pakiti za mchicha ambazo, tuseme ukweli, nyingine zimekaa dirishani kwenye jua mpaka picha imefifia. Mkulima anayesia pakiti hiyo isiote halaumu jua. Anakulaumu wewe, na mbolea anaenda kununua kwa mwenzako.

Kuna kitu kimoja ambacho duka linaweza kufanya na kikundi hakiwezi. Aina za kawaida ambazo si chotara, kama nyanya za Tengeru 97 na Tanya, zilitolewa na watafiti ili mkulima aweze kuendelea nazo. Kikundi kikinunua pakiti moja yenye lebo nzima, kikaipanda vizuri na kuchagua matunda kutoka mashina yasiyo na ugonjwa, kina mbegu ya misimu kadhaa. Ikianza kuchanganyika, kinarudi dukani kununua mpya. Mteja wa namna hiyo ni kikundi kizima kinachokuja kila baada ya miaka michache na kinachojua anachotaka. Nadhani ni mteja mzuri kuliko yule anayenunua kwa kubahatisha na kuondoka akinung'unika.

Halafu kuna hofu ya sheria, ambayo imekuwa kisingizio kizuri cha uvivu. Watu wamesikia ya Kenya. Ni kweli, sheria ya mbegu ya Kenya kama ilivyorekebishwa mwaka 2012 iliweka adhabu kali kwa kuuza na kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, hadi kifungo, na wakulima wadogo wakaenda mahakamani. Novemba 2025 Mahakama Kuu pale Machakos ilitangaza kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na mwangalizi wa ubora ni TOSCI. Ninachowaambia wanachama wangu ni hiki: kumpa jirani mnafu wa bibi yako na kuufanya mnafu huo kuwa bidhaa ni mambo mawili. Siku mnapotaka kufunga mbegu kwenye mifuko, kubandika jina la kikundi na kuuza, msijifiche. Upo utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora uliowekwa kwa ajili ya wakulima wadogo: mnasajiliwa, shamba linakaguliwa, na mnawauzia wakulima wa eneo lenu. Njooni tujaze fomu pamoja. Vikundi vinavyofika hatua hiyo ni vichache, na sababu hawafiki si sheria. Sababu ni kwamba hawana mbegu ya kusajili.

Nisisahau jirani zetu wa pale Tengeru, Arumeru. World Vegetable Center ina benki ya mbegu za mboga za asili za Afrika, mbegu zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali na kuhifadhiwa kwa baridi. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini nikipita na kuona mbegu zetu zinatunzwa vizuri kwenye friji kuliko kwenye kijiji zilikotoka, siwezi kujisikia vizuri. Friji haijui kwamba mgagani wa kijiji chenu una uchungu ambao wazee wanaupenda na maziwa. Friji haichagui shina linalovumilia kiangazi cha mwaka huu. Mbegu ikikaa ndani miaka thelathini inatoka vile vile ilivyoingia, wakati mvua zimeshabadilika. Kazi ya kuichagua upya kila msimu ni ya mtu mwenye uwanja na ndoo.

Kina mama wa genge, ninyi mna nguvu ambayo hamuitumii. Ninyi ndio mnaoona kwa macho mboga gani inaisha saa tatu asubuhi na ipi inabaki mpaka inanyauka. Masika kila mtu anawaletea mchicha, fungu linashuka bei mpaka mnatupa. Agosti mnatafuta mnafu kwa tochi. Hamjawahi kuja kwenye kikao kusema: tupandieni mnafu wa Julai kwa zamu, mimi nitachukua. Mngesema hivyo, mlezi wa mnafu angejua kwamba mbegu yake si hisani ya kijiji, ina mteja nyuma yake. Bustani ya gunia na maji ya kuoshea vyombo yanatosha kuvusha mashina hamsini ya mnafu kiangazi. Kinachokosekana ni mtu wa kupanga nani apande lini.

Najua pingamizi la mwisho, maana nimelisikia kila nilipokaa kwenye benchi la kikundi: watu wavivu watachukua tu bila kurudisha. Ni kweli, watakuwepo. Wapo pia kwenye sanduku la fedha na hamkulivunja sanduku. Anayenisumbua zaidi ni yule mwingine, mwenye mbegu nzuri ya loshuu anayoificha ili awe peke yake sokoni. Huyo hajui kwamba mwaka ambao mafuriko au mbuzi watapita kwake, hatakuwa na pa kuiomba. Ambaye ameigawa kwa watu saba ana ghala saba, na hakuna hata moja analolilipia kodi ya nyumba. Mimi nimeshuhudia mama akipewa kwenye kikao mbegu ya nyanya chungu, akaitazama kiganjani, akasema hii ni ya kwangu, niliwapa mwaka ule kabla nyumba haijaungua. Alikuwa amehamia na kuanza upya bila kitu. Aliondoka na kijiko kimoja, na mwaka uliofuata alirudisha viwili kama kanuni inavyosema, ingawa kila mtu alimwambia asirudishe.

Kwa hiyo kikao chenu kijacho, kabla ya kuhesabu hisa, weka kopo mezani na anza kuuliza nani ana nini. Usishangae mkipata aina tatu tu mara ya kwanza. Na kama kuna mwenye mgagani, mwambie auvune maganda yanapoanza kuwa ya njano, kabla hayajapasuka na kumwaga. Avune mapema iwezekanavyo kiangazi hiki, maana mbegu mpya ya mgagani hulala: ukiisia ikiwa na wiki mbili itaota kidogo sana na utasema ni mbovu. Inataka ikae kama miezi mitatu au zaidi. Iliyovunwa mwishoni mwa Juni itakuwa tayari kwa vuli ya Oktoba. Ya Septemba iandikeni jina na muiweke kwa ajili ya masika.